Maji ya Rangi Tunayakimbia, Yasiyo na Rangi Tunayanywa

Khalti yangu anakaa Mikindani, hapa Mombasa, na kwenye ploti yao kuna kisima cha mashine ambacho wapangaji wote wanakitumia. Ukiyateka maji yake saa za Magharibi yanatoka safi, unaona mpaka mikwaruzo ya chini ya ndoo. Yaache usiku kucha, ukiamka Alfajiri kutia udhu unayakuta yamegeuka rangi kama chai ya mkandaa iliyozidi maji, na chini kumelala unga mwekundu laini, ukiupangusa unabaki kidoleni kama hina. Khalti hayo maji hayanywi. Hata shuka nyeupe hazifulii. "Mwanangu haya maji yameharibika," ananiambia, alafu anamwita kijana wa mkokoteni amshushie mitungi miwili ya maji matamu, anamlipa, anayamimina kwenye pipa la jikoni na kufunika. Hajawahi kumuuliza yule kijana ameyateka wapi. Mimi pia sijawahi, na nimeyanywa hayo maji miaka na miaka, manake ni meupe na hayana ladha mbaya, na sisi watu wa Mombasa tushazoea kuyapima maji kwa macho, pua na ulimi. Yakiwa na chumvi tunajua, yakiwa na rangi tunajua, yakinuka tunajua. Yakipita hapo tunapiga bismillahi tunakunywa.

Leo nataka kusema hiyo mitihani yetu haitoshi hata kidogo, na kilichonifungua macho ni maziwa yaliyofunikwa na barafu kule Antaktika. Najua ni mbali. Nitarudi Mikindani sasa hivi.

Kule kuna eneo linaitwa mabonde makavu ya McMurdo, sehemu ya Antaktika ambayo karibu haina theluji, ni mawe na changarawe na upepo tu. Mwaka 1911 mjiolojia mmoja, Griffith Taylor, alifika kwenye bonde ambalo sasa lina jina lake akakuta mto wa barafu uliosimama, na kwenye ncha yake kumemwagika kitu chekundu kama kuna ng'ombe amechinjwa juu yake. Yeye akadhani ni mwani. Pakaitwa Blood Falls, maporomoko ya damu, na ilichukua miaka mingi watu kujua nini hasa kinaendelea. Chini ya ile barafu kuna maji ya chumvi kali, yanashinda ya bahari zaidi ya mara mbili, yamefungiwa humo zaidi ya miaka milioni moja bila hewa wala mwanga, na yamejaa chuma kilichoyeyuka. Yakiwa chini hayana rangi yoyote. Yakichuruzika nje tu, hewa inakidaka kile chuma, kinakuwa kutu, na ile kutu inateremka mpaka ziwa Bonney lililo pale chini.

Sasa rudi kwenye ndoo ya khalti, manake ni jambo lile lile. Kule kwetu bara, kuanzia Changamwe kwenda Mikindani na Miritini, chini si matumbawe kama kisiwani, ni mawe ya tope la kale lililogandamana, na maji yakikaa ndani ya mawe kama hayo bila hewa yanakiyeyusha chuma pole pole mpaka yanakuwa nacho bila mtu kukiona. Pampu inayavuta juu, yanalala kwenye ndoo, hewa inayaingia, asubuhi kutu. Kwa hivo hayakuharibika usiku. Yalitoka nacho huko huko chini, usiku ndo yamejionyesha tu.

Na hapo ndo nilipoanza kusoma zaidi, manake nilijiuliza kama chuma kinaweza kukaa ndani ya maji meupe hivo bila mtu kukiona, nini kingine kinakaa humo?

Ziwa lililonishika zaidi ni Vanda, liko bonde la pili, bonde la Wright. Juu lina barafu ya unene wa mita 3 hadi 4 ambayo haiishi mwaka mzima. Hewa ya nje kwa wastani iko kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini ukishusha kipimajoto mpaka chini, kama mita 75, unakuta maji ya vuguvugu yanayokaribia nyuzi 25, yaani karibu sawa na bahari yetu ya Nyali mwezi wa nane wakati wa kusi! Jua linapenya barafu na kuyapasha, na kwa sababu maji ya chini yana chumvi nzito hayawezi kupanda juu kupoa, na upepo hauwezi kuyakoroga manake kuna kifuniko. Kwa hivo ziwa zima limekaa kwa matabaka, juu maji matamu yenye hewa, chini maji ya chumvi yasiyo na hewa, na hayo mawili hayachanganyiki.

Kwa mtu anayefuatilia madini yaliyomo majini kwa kiasi kidogo sana, hilo ziwa ni kama glasi iliyoachwa mezani bila kutikiswa miaka na miaka. Mto wa Onyx, ambao ndo mrefu kuliko yote Antaktika na wenyewe hauzidi sana kilomita 30, unatiririka wiki chache tu za kiangazi, unaleta maji ya barafu iliyoyeyuka na humo kuna shaba kidogo, kobalti kidogo, nikeli, risasi (ile metali ya kwenye betri za magari), vyote kwa viwango ambavyo ukivitaja kwa gramu utachoka kuandika sifuri. Ungedhani baada ya muda wote huo vingekuwa vimejazana. Mkemia William Green wa Chuo Kikuu cha Miami kule Ohio alirudi kwenye hayo maziwa mara nyingi kutafuta vinaenda wapi, na jibu moja kubwa ni madini mengine yanayoitwa manganizi. Kwenye maji yenye hewa manganizi inaganda kuwa vichembe vyeusi vidogo sana, na hivyo vichembe vinazama pole pole vikiwa vinazoa kobalti na madini mengine njiani, kama juya linavyokokota kila kilichoko mbele yake. Vikifika kwenye tabaka lisilo na hewa vinayeyuka tena, juya linafunguka, kila kilichozolewa kinaachiwa huko chini. Kwa hivo mita chache tu zinatosha kubadilisha kila kitu: hapa juu maji yako safi karibu kama mvua, pale chini madini yameongezeka mara nyingi, na ukiyatia kwenye glasi mbili yanafanana.

Yanafanana, na hilo ndo limenikaa. Chuma kina ustaarabu wa kujitangaza, kinapiga rangi, kinaharibu shuka, kinaacha ladha kama umelamba msumari. Risasi haifanyi hivo. Kwa viwango vinavyodhuru mtoto risasi haina rangi kwenye maji, haina harufu, haina ladha, na Shirika la Afya Duniani lilishasema wazi hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Na sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa haya na mtu wa mbali. Mtaa wa Owino Uhuru uko hapo hapo Mikindani, khalti akitoka kwake kwa miguu anafika. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu kuanzia 2007 mpaka kikafungwa 2014, na watu kama elfu tatu walikuwa wanavuta moshi wake na kuishi na vumbi lake. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kile kiwanda, mtoto wake akaugua, wakatafuta kila ugonjwa, na kilichokuja kuonekana kwenye damu ya mtoto ni risasi, imepitia kwenye maziwa ya mama yake. Mama ananyonyesha mtoto akijua anampa kitu kizuri kuliko vyote duniani. Jicho gani lingeona? Yule mama alipigana, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamua 2020 wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda rufaa ikageuzwa, mpaka Mahakama ya Juu ikaja kuurudisha ule uamuzi Desemba 2024. Ukihesabu kuanzia kiwanda kufunguliwa ni miaka 17, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa tayari anamaliza sekondari.

Angalia kilichofungua ile kesi. Watu walikuwa wanakohoa na kulalamika siku zote. Kilichobadilisha mambo ni namba, kipimo cha damu kilichoandikwa kwenye karatasi, namba ambayo mtu hawezi kuijibu kwa kusema "hao watu wamezoea kulalamika."

Lakini namba nayo lazima iwe ya kweli, na hapa ndo somo la barafu lilipo zito zaidi. Miaka ya 1950 Mmarekani mmoja, Clair Patterson, alikuwa anatafuta umri wa dunia kwa kupima risasi iliyo ndani ya vimondo. Vipimo vikawa havikai sawa kabisa. Kumbe risasi ilikuwa inaingia kutoka kila mahali, vumbi, nywele, nguo, maji ya bomba, hata hewa ya chumba chenyewe. Akaanza kusafisha maabara kama mtu aliyepagawa, akachuja hewa, akaosha vyombo kwa asidi tena na tena, mpaka 1956 akatoa jibu lake la miaka bilioni 4.55 ambalo linatumika mpaka leo. Na kwa sababu alikuwa ameiona ile risasi imejaa kila mahali, akaanza kuuliza imetoka wapi. Akaenda kwenye theluji ya Greenland na ya Antaktika, sehemu ambazo hakuna gari wala kiwanda, akachukua theluji ya miaka tofauti tofauti kwa usafi ule ule. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakachapisha kwamba risasi kwenye theluji ya Greenland imepanda zaidi ya mara 200 tangu zama za kale, na ule mpando mkali umetokea karne hii iliyopita, petroli yenye risasi ikiwa mkosaji mkubwa. Nchi zilipoanza kuiondoa hiyo petroli, theluji nayo ikajibu: kufikia mwisho wa miaka ya 1980 risasi ya Greenland ilikuwa imeshuka zaidi ya mara 7. Kenya tuliiacha 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, imeiacha 2021 tu hapa juzi.

Hebu fikiria sisi tuliokulia barabarani, tulikuwa tunavuta moshi wa matatu pale Buxton na Mwembe Tayari miaka yote hiyo, na aliyekuja kuonyesha ile risasi imeenea mpaka wapi ni mtu aliyekuwa anachimba theluji mahali pasipo na watu. Ndo maana nikisikia mtu akisema pesa za kuchunguza barafu ni za kupoteza nanyamaza kidogo kwanza, alafu namhadithia hii.

Wanaokwenda kuchukua sampuli kwenye maziwa hayo ya ncha za dunia mpaka leo wanafuata mtindo unaoitwa mikono safi na mikono michafu. Wanakwenda wawili. Mmoja mikono yake haigusi kitu chochote isipokuwa ile chupa, na chupa imelowekwa asidi siku kadhaa, imevikwa mifuko miwili ya plastiki. Mwenzake ndo anafungua mfuko wa nje, anashika kamba, anashika mashine, anashika kila kitu kingine. Helikopta na jenereta zinawekwa mbali, na mnasimama upande upepo unakotoka. Yote hayo ni kwa sababu kiwango wanachotafuta ni kidogo mpaka pumzi ya jenereta inaweza kukifunika. Kwenye maji ya kunywa kiwango cha juu kinachoshauriwa cha risasi ni maikrogramu 10 kwa lita, na maikrogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara milioni. Theluji ya kale ya Antaktika haina hata sehemu moja ya elfu ya hapo.

Nilichofanya mimi kwa khalti ni kinyume cha hayo yote. Nilitaka maji yake yapimwe, nikachukua chupa ya plastiki iliyokuwa na juisi, nikaisuuza mara mbili, nikateka kwa ile ndoo ya bati inayoning'inia pale kisimani, nikaipeleka maabara moja mjini. Majibu yakaja na zinki nyingi ya kushangaza. Khalti akashtuka, wapangaji wakashtuka, kukawa na kikao pale uani mtu anasema kisima kifungwe. Kijana wa maabara nilipomrudia akaniuliza swali moja tu, ulitekea nini? Nikamwambia ndoo ya bati. Akasema zinki hiyo ni ya ndoo, bati hilo limepakwa zinki juu lisishike kutu, na maji yakilala ndani yake yanaila. Kwa hivo tulikuwa tumepima ndoo. Na nawaza ni ripoti ngapi za maji za hapa kwetu zimeandikwa hivo hivo, mtu amepima chupa, amepima mkono wake, amepima bomba lililokaa usiku kucha bila kufunguliwa, alafu namba ikaenda kwenye faili na faili likawa ndo ukweli.

Kuna watu watasema, na wana haki, kwamba Mombasa tuna shida kubwa kuliko risasi ya maikrogramu. Mvua ikipiga vyoo vya shimo vinaingia visimani, kipindupindu kinakuja, maji ya Mzima yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka kule Tsavo hayajatosha mji tangu mimi ni mtoto, hata vyanzo vingine vya Baricho na Marere na Tiwi vikijumlishwa bado. Nakubali, kipindupindu kinaua ndani ya siku moja. Lakini kisima kinachopimwa vijidudu peke yake kikatangazwa kizuri ndicho mtoto atakinywea miaka kumi, na ile kitu inayoingia kwenye ubongo wake kidogo kidogo haitompeleka hospitali usiku, itamfanya tu awe mzito darasani na mwalimu amuone mvivu. Huo ndo ugonjwa wa risasi kwa watoto, haupigi kelele.

Wala huko kwenyewe kwenye baridi si salama tena. Alaska, kwenye milima ya Brooks, mito iliyokuwa kama kioo imegeuka rangi ya chungwa, wanasayansi mwaka 2024 wameandika kuhusu vijito 75. Ardhi iliyokuwa imeganda maelfu ya miaka inayeyuka, hewa na maji vinafikia mawe yaliyokuwa yamefungwa, asidi inatokea, na chuma kinatoka pamoja na zinki, nikeli, shaba na kadimi. Kule wameona kwa sababu chuma kimepiga rangi mpaka satelaiti ikaona. Zebaki ndo mbaya zaidi, inasafiri hewani miezi na miezi kutoka kwenye makaa ya mawe na kwenye machimbo madogo ya dhahabu, ambayo ndo yanaongoza duniani kuitoa, na sisi tunayo Migori, alafu inakwenda kuangukia theluji ya Aktiki na kuingia kwa samaki wa maziwa ya watu ambao hawajawahi kuona dhahabu ya Migori.

Ninachotaka ni kitu cha kawaida sana. Visima vya umma vya mji huu, vya shule, vya misikiti na makanisa, na zile sehemu mikokoteni inapojaza, vipimwe madini mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, na majibu yabandikwe pale pale kwenye kisima kwa Kiswahili. Watu wa kufanya hiyo kazi wapo. Taasisi ya utafiti wa bahari iko Mkomani, Chuo Kikuu cha Ufundi kiko pale Tudor, kuna vijana wamesomea kemia wanaendesha bodaboda. Waanzie Mikindani, Jomvu na Changamwe, kuliko na gereji nyingi na viwanda na betri kuukuu zinazopasuliwa uani. Na kabla hawajagusa maji wafundishwe kuosha chupa.

Sampuli ya pili ya khalti tuliichukua vizuri. Maabara ilinipa chupa yao wenyewe iliyooshwa asidi ikiwa ndani ya mfuko, nikavaa glavu, binamu yangu akawa mikono michafu, akaiendesha pampu dakika kumi maji ya kwenye bomba yatoke kwanza, alafu nikakinga moja kwa moja bila ndoo. Chuma kikatoka juu kama tulivyotarajia. Zinki ikashuka ikawa haina maana. Kwenye risasi wakaandika haikuonekana, na khalti akasema alhamdulillahi akataka kuitoa ile karatasi mkononi mwangu akaiweke ukutani. Nikamwambia ngoja. Nikampigia yule kijana nikamuuliza mashine yenu inaanza kuona kuanzia wapi, akaniambia kuanzia maikrogramu 10, yaani palepale kwenye kiwango cha mwisho, chini ya hapo haioni kitu, iwe moja au tisa.

Khalti akanyamaza akaniangalia. "Kwa hivo ipo au haipo?"

Nikamwambia bado hatujui, kuna mashine nyingine inayoona chini ya hapo, bei yake ni zaidi, na tutarudia baada ya mvua. Akaingia ndani akatoka na chupa mpya iliyo kwenye mfuko, ile maabara waliyotuongezea, akachukua kalamu ya mjukuu wake na kipande cha plasta akaandika kisima cha ploti, mwezi wa sita, akaipandisha juu ya kabati ambapo watoto hawafiki.